Klasta ya Seva za Barua Pepe: Inakinga Nini, Haikingi Nini

Mwenyekiti wa mkutano, wasimamizi wa mifumo wenzangu, na ninyi mnaotia saini bajeti za idara zetu, habari za asubuhi. Nashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie faida na hasara za kuunganisha seva za barua pepe kuwa klasta, yaani kundi linalofanya kazi kama seva moja. Nitautoa msimamo wangu mapema, ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishikia. Klasta inakukinga na jambo moja, nalo ni kufa kwa mashine. Haikukingi na kosa, liwe la programu au la binadamu. Kwa hiyo ukinijia na fedha mkononi ukitaka klasta, swali langu la kwanza litahusu nakala zako za akiba: ziko wapi, na mara ya mwisho uliirudisha lini barua kutoka humo.

Tuitazame kwanza barua pepe yenyewe, maana watu wengi hununua klasta kutatua tatizo ambalo barua pepe ilishalitatua siku nyingi.

SMTP, kanuni ambazo seva hutumia kupelekeana barua, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982 katika RFC 821, moja ya nyaraka za viwango vya intaneti, wakati mitandao ilikuwa ikikatika kila mara. Ndiyo maana ina subira. Seva inayotuma ikishindwa kuifikia seva ya mpokeaji, haiitupi barua. Inaiweka kwenye foleni na kujaribu tena baadaye. Toleo la mwaka 2008, RFC 5321, linashauri kusubiri angalau dakika 30 kati ya jaribio na jaribio, na kutokata tamaa kabla ya siku 4 au 5. Postfix, programu ya seva ya barua, isipobadilishwa mipangilio huishika barua siku 5 kabla ya kumrudishia mtumaji. Maana yake ni kwamba seva yako ya kupokea ikizima usiku kucha, barua zilizokuwa njiani hazipotei. Zinachelewa, na asubuhi zinaingia.

Ongeza hapo rekodi za MX. Tangu mwaka 1986 DNS, yaani orodha ya majina ya intaneti, inaruhusu kikoa kimoja (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani) kutaja seva kadhaa za kupokea barua, kila moja na namba yake. Yenye namba ndogo hujaribiwa kwanza, na namba zikilingana mzigo hugawanyika. Kwa hiyo upande wa lango, yaani seva inayopokea barua kutoka nje, unaweza kuweka seva mbili au tatu zisizojuana kabisa. Hazishiriki diski, hazipigiani kura, na hakuna anayehitaji kujua nani mkubwa. Moja ikifa, watumaji wa dunia nzima wanakwenda kwa nyingine bila wewe kunyanyua kidole. Huu ndio wingi wa seva ninaoupendekeza kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Hadhari zake ni chache. Lango la pili liwe na vichujio vile vile vya lango la kwanza na orodha ile ile ya wapokeaji, kwa sababu watumaji wa barua taka wanajua kwamba lenye namba kubwa mara nyingi limesahaulika, nao hubisha hodi huko moja kwa moja. Na ujue kwamba lango likifa na barua kwenye foleni yake, barua hizo zimelala kwenye diski ya mashine hiyo mpaka uifufue.

Upande wa visanduku ni habari nyingine kabisa. Mtu anayefungua barua zake hana subira ya siku 5. Akibofya na kisanduku kisifunguke, kwake barua pepe imekufa, hata kama malango yako yote yanapokea vizuri. Hapa ndipo klasta inapopata hoja yake, na hapa hapa ndipo inapokuwa ngumu. Lango linaishika barua kwa muda tu na kuipitisha. Kisanduku kinahifadhi kila kitu: kipi kimesomwa, kipi kimefutwa, kipi kimehamishiwa folda gani. Hali hiyo inabadilika kila sekunde, na nodi zote, yaani seva zinazounda klasta, zinapaswa kukubaliana juu yake.

Nianze na faida, nazo ni za kweli.

Kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni matengenezo. Seva nyingi huzimwa na sisi wenyewe mara nyingi zaidi kuliko zinavyokufa zenyewe: kuweka viraka (marekebisho ya programu), kubadilisha diski, kupandisha toleo. Ukiwa na seva moja, kazi hiyo inafanyika usiku wa manane, na anayeifanya ana usingizi. Ukiwa na klasta unahamisha visanduku kwenda nodi ya pili, unaitengeneza ya kwanza mchana ukiwa na akili zako zote, unaijaribu, kisha unarudisha. Kiraka cha usalama hakisubiri tena mwisho wa mwezi. Mwezi Machi 2021, udhaifu wa Exchange, programu ya seva ya barua ya Microsoft, uliopewa jina la ProxyLogon ulipotangazwa, wavamizi walikuwa tayari wanautumia. Siku kama hizo, uwezo wa kuweka kiraka saa hiyo hiyo bila kuomba ruhusa ya kuzima huduma una thamani kubwa.

Ya pili ni kifo chenyewe cha mashine. Ubao mama ukiungua saa nne asubuhi, watumiaji wanaona kusitasita kwa dakika chache, kisha kazi inaendelea. Hilo sina la kuongeza.

Kuhusu kukua nina neno. Wauzaji hupenda kusema ukiongeza nodi unaongeza nguvu. Ni kweli, ila tufanye hesabu. Una nodi mbili, kila moja inabeba asilimia 70 ya uwezo wake. Moja ikifa, iliyobaki inatakiwa ibebe asilimia 140. Haiwezi. Itaelemewa na kufuata, na sasa umepoteza zote mbili kwa sababu ya hitilafu ya moja. Ukitaka nodi mbili zilindane, kila moja isizidi nusu ya uwezo wake, maana yake nusu ya vifaa ulivyonunua inakaa bure ikingoja msiba. Hiyo ni gharama halali kabisa, ila iandikwe kwenye bajeti kwa jina lake. Isiitwe ongezeko la uwezo.

Hesabu nyingine tunayooneshwa ni ile ya asilimia. Seva moja ikipatikana asilimia 99 ya muda, inakosekana karibu saa 88 kwa mwaka. Weka mbili, na ukizidisha uwezekano wa zote kufa pamoja unapata asilimia 99.99, yaani dakika 53 hivi kwa mwaka. Hesabu ni sahihi, lakini imejengwa juu ya sharti kwamba seva hizo zinakufa kila moja kwa sababu zake. Sasa tazama chumba chako cha seva. Umeme mmoja. Swichi moja. Hifadhi moja ya diski. DNS ile ile. Cheti kile kile cha usalama, kitakachoisha muda wake kwenye nodi zote kwa sekunde ile ile. Programu ya toleo moja. Na nenosiri la msimamizi ni moja. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuziangusha zote pamoja.

Wabunifu wenyewe wa programu waliliona hili. Klasta za zamani za Exchange zilikuwa seva kadhaa zikitegemea hifadhi moja ya diski, hivyo ulikuwa na mashine nyingi na data moja. Exchange 2007 ilileta njia ya kila nodi kuwa na nakala yake, na Exchange 2010 ikaachana kabisa na klasta ya nakala moja, ikaja na DAG, kundi la seva mpaka 16 zinazotumiana kumbukumbu za mabadiliko. Mtu akikuuzia leo klasta ya visanduku yenye hifadhi moja, muulize hifadhi hiyo ikifa itakuwaje.

Sasa naomba mnivumilie kwenye mfano mmoja, kwa sababu unaonesha vizuri kuliko maelezo. Tarehe 1 Januari 2022, seva za Exchange 2016 na 2019 dunia nzima ziliacha kupeleka barua. Hakuna mashine iliyoharibika. Injini ya kukagua virusi ilikuwa inaandika toleo lake kama namba: tarakimu mbili za mwaka, mbili za mwezi, mbili za siku, kisha nne za mwisho. Mwaka 2021 ulipoisha, namba ikawa 2201010001. Mahali ilipotakiwa kuhifadhiwa pana biti 32, na kikomo chake ni 2147483647. Namba haikuenea, injini ikaanguka, na barua zikabaki kwenye foleni. Wenye seva moja walikwama. Wenye DAG za nodi nyingi katika vituo viwili vya data nao walikwama, dakika ile ile, kwa sababu kila nodi ilikuwa na injini ile ile na kalenda ile ile. Uhamisho haukusaidia chochote: unahama kutoka nodi yenye kosa kwenda nodi yenye kosa. Kilichowatoa ni msimamizi aliyejua kuzima ukaguzi ule kwa muda, na baadaye skripti kutoka Microsoft.

Kuna aina mbaya zaidi ya kosa, ile inayogusa data yenyewe. Mwishoni mwa Februari 2011 baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua akaunti zao wakakuta ni tupu. Google ilieleza kwamba walioathirika walikuwa asilimia 0.02, na kwamba chanzo kilikuwa kosa lililoingia na sasisho la programu ya hifadhi. Kumbukeni Google huweka nakala kadhaa katika vituo kadhaa vya data. Kosa liliziathiri nakala hizo. Barua zilirudishwa kutoka kwenye kanda za sumaku, kwa sababu kanda haziko mtandaoni na kosa la programu haliwezi kuzifikia. Kuhamishia maombi kituo kingine cha data ni suala la milisekunde. Kurudisha kutoka kanda kulichukua saa nyingi. Lakini barua zilirudi.

Hapa ndipo ninapotaka tutofautishe vitu viwili ambavyo katika mazungumzo yetu vinachanganywa kila siku. Nakala pacha ni ile inayofuata ya kwanza sekunde kwa sekunde. Mtumiaji akifuta folda kwa bahati mbaya, pacha naye anafuta. Programu ya ulaghai ikifunga data kwa siri na kudai fidia, pacha naye anafungwa. Kadiri pacha alivyo mtiifu, ndivyo anavyosambaza kosa kwa haraka. Nakala ya akiba ni ile iliyoganda katika saa fulani, iliyokaa mahali ambapo klasta haifiki. Exchange inaruhusu kuweka pacha mmoja nyuma makusudi, mpaka siku 14, ili kosa likionekana kabla halijamfikia uweze kumsimamisha. Ni mbinu nzuri na ninaiunga mkono, lakini pacha huyo bado yumo ndani ya klasta na nenosiri la msimamizi linamfikia. Nimesikia mara nyingi mtu akisema, "Sisi tuna klasta, hatuhitaji tena nakala za akiba." Tafadhali, asitoke mtu humu akiwa na wazo hilo.

Niingie kwenye hatari ambayo seva moja haina kabisa na klasta ndiyo inayoileta. Nodi mbili zinazungumza kupitia mtandao. Mtandao kati yao ukikatika, kila moja inaona mwenzake ametoweka. Je, amekufa, au ni waya tu? Kutoka ndani ya nodi moja huwezi kujua. Ikiwa kila moja itaamua kwamba sasa yeye ndiye mkuu, una seva mbili zinazoandika kwenye visanduku vile vile bila kujuana, na wahenga walishasema mafahali wawili hawakai zizi moja.

Ngoja niwaoneshe uharibifu unavyotokea. Katika IMAP, kanuni ambazo simu na kompyuta hutumia kusoma kisanduku kilicho kwenye seva, kila barua ndani ya folda hupewa namba yake, UID; namba hizo hupanda kwenda mbele na kamwe hazirudiwi. Simu na kompyuta za watumiaji huhifadhi barua kwa kuzitambua kwa namba hizo. Sasa klasta imepasuka. Nodi ya kwanza inapokea ankara na kuipa namba 5120. Nodi ya pili inapokea barua ya mwaliko wa kazi na kuipa, nayo, 5120. Waya unarudi. Ipi ndiyo 5120? Simu iliyoshika ankara itaiita mwaliko, au kinyume chake. Njia safi ya kutoka hapo ni seva kubadilisha thamani ya UIDVALIDITY ya folda, maana yake kuwatangazia wote kwamba namba za zamani hazifai tena, na kila kifaa kipakue folda nzima upya. Watu elfu moja wakipakua visanduku vyao vyote asubuhi moja, mtandao wako unaujua mzigo huo. Na hiyo ndiyo hali nzuri, ambapo hakuna barua iliyofutwa.

Dawa yake inajulikana: akidi. Uamuzi unafanywa na upande wenye zaidi ya nusu ya kura, na upande wa wachache unanyamaza hata kama una afya njema. Nodi tatu zinavumilia kupotea kwa moja, nodi tano zinavumilia mbili. Nodi mbili hazivumilii kitu, kwa sababu zikitengana kila moja ina nusu, na nusu haifiki akidi. Ndiyo maana nodi mbili zinahitaji shahidi wa tatu, hata kama ni faili tu kwenye seva nyingine, na shahidi huyo akae mahali ambapo hatapotea pamoja na mmoja wao. Wanaotumia Pacemaker, programu ya kusimamia klasta, wanaongeza kinga nyingine: nodi inayoshukiwa inakatiwa umeme kwa lazima kabla nyingine haijachukua kazi. Nimeona watu wakiizima kinga hiyo kwa sababu inawasumbua wakati wa majaribio, kisha wakasahau kuiwasha. Klasta ya nodi mbili isiyo na shahidi wala kinga hiyo ni mbaya kuliko seva moja, na nalisema hilo bila kupunguza. Seva moja ikifa inakufa kimya. Ile inaharibu data ikiwa hai.

Hata akidi ikiwepo, uhamisho wa moja kwa moja una bei yake. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ambao hawaendeshi barua pepe lakini hifadhidata zao zina shida hii hii, walipoteza mawasiliano kati ya vituo vyao kwa sekunde 43 wakati wa kubadilisha kifaa cha mtandao. Mfumo ukahamisha ukuu kwenda pwani ya pili ya Marekani. Kila upande ukawa na maandishi ambayo mwenzake hana, na huduma ikaathirika kwa saa 24 na dakika 11. Kama mfumo ungevumilia dakika moja tu bila kufanya lolote, mkatiko ungekuwa umeshapita. Kwa barua pepe, yenye subira yake ya kuzaliwa, mimi napendelea uhamisho usio na pupa. Dakika tano za kusubiri hazimuui mtu. Wiki ya kuunganisha visanduku viwili vilivyotofautiana inaumiza sana.

Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta, aliandika mwaka 1987, katika barua pepe kwa wenzake kazini, kwamba mfumo uliotawanyika ni ule ambao kuharibika kwa kompyuta usiyojua hata kama ipo kunaifanya kompyuta yako isitumike. Anayeendesha klasta aibandike ukutani. Mtandao wa ndani wa nodi, shahidi, kisawazisha mzigo kinachogawa watumiaji kati ya nodi, saa za mashine: kila kimoja ni kitu kipya kinachoweza kuharibika, na kila kimoja kinahitaji mtu anayekielewa saa nane usiku.

Wala usidhani ukishajenga umemaliza. Dovecot, programu ya seva ya visanduku, kwa miaka mingi ilikuwa na sehemu iitwayo Director, iliyohakikisha kila mtumiaji anapelekwa kwenye seva moja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu seva mbili zikigusa faharasa za kisanduku kimoja juu ya NFS, njia ya kushiriki faili kupitia mtandao, faharasa zinaharibika. Ilikuwa pia na njia ya kunakili visanduku kati ya seva mbili zenyewe kwa zenyewe. Toleo la 2.4 la programu huria, lililotoka mwaka 2025, halina vyote viwili. Waliojenga klasta zao juu ya sehemu hizo wakalazimika kusanifu upya. Seva moja iliyonyooka ingepandishwa toleo kwa kazi ya kubadilisha mipangilio tu.

Mtaniuliza, basi nani aweke klasta? Nitajibu kwa jinsi ninavyoshauri. Taasisi yenye watu wachache na msimamizi mmoja, iweke malango mawili, seva moja nzuri ya visanduku yenye diski zilizorudufishwa, nakala za akiba nje ya jengo, na mashine ya pili iliyo tayari kuwashwa kwa mkono. Msimamizi huyo akiugua, wa kumkaimu ataielewa. Taasisi ambayo kusimama kwa barua saa mbili kunazuia kazi isiyoweza kuahirishwa, na ambayo ina watu wa kutosha kupokezana zamu, iweke klasta kamili: nodi tatu au zaidi, kila moja na data yake, umeme na swichi tofauti, shahidi mahali pa tatu. Walio katikati ndio wenye mtihani, na kwao kigezo changu ni kimoja: je, mko tayari kuchomoa waya makusudi, saa za kazi, kila robo mwaka? Mkurugenzi akisema hapana kwa sababu anaogopa, basi hata yeye haiamini klasta anayoilipia, na fedha hizo zitafaa zaidi kwingine.

Zoezi hilo la kuchomoa waya lina mwenzake, na wengi hulisahau. Chagua kisanduku kimoja, cha kawaida, na ukirudishe kutoka nakala ya akiba kwenye mashine tupu, ukipima muda. Muda utakaoupata ndio jibu la kweli la swali ambalo mkurugenzi atakuuliza siku kosa litakapoingia kwenye nodi zote. Uandike, umpe mapema, yeye ndiye aamue kama anauvumilia.

Nimebakiza dakika za maswali. Ningependa kuanza na wale mnaoendesha nodi mbili, mtuambie shahidi wenu amekaa wapi.